Kabla Hujalipia Meli, Muulize Mwenzio

Mwezi huu tunazungumzia likizo. Siyo ile ya kwenda kusalimia wazazi na sukari kilo mbili na doti ya kanga kwenye begi, hapana. Ile ya wawili tu, ya kupanda meli ya kitalii na kwenda ng'ambo.

Najua wapo watakaocheka. Kwetu Kanda ya Ziwa neno ng'ambo halina mbwembwe. Ukiwa Mwanza mjini, ng'ambo ni Kamanga, na ukishuka Kamanga uko wilayani Sengerema, umeshafika. Lakini siku hizi vijana wenye kazi zao wanaweka akiba, wanatafuta pasipoti, na wakifunga ndoa au wakitimiza miaka kadhaa ya ndoa hawataki keki peke yake. Wanataka safari. Swali la "dada, meli gani nzuri?" nimeshaulizwa mara nyingi, na jibu langu huwa swali: nzuri kwa nani?

Ngoja nikupe kisa.

MACHOZI JIKONI

Nina shoga yangu, mwalimu wa sekondari, anaishi na mumewe mjini Sengerema. Shemeji ni mtu wa benki, mpole, mwenye mipango yake. Agosti 2025 walitimiza miaka mitano ya ndoa. Shemeji akaandaa chakula, akaita ndugu na marafiki. Pilau lilipokwisha kuliwa akasimama, akatoa bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya meli nyeupe yenye ghorofa lukuki, na risiti ya malipo ya awali: siku saba Bahari ya Mediterania, chumba chenye roshani, watu wawili.

Bwana wee, vigelegele! Mama mkwe alisimama akacheza. Mke akatabasamu, akasema "ahsante mume wangu", akaingia jikoni. Nilipomfuata nilimkuta anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi, machozi yanamtiririka.

"Furaha hiyo?" nikamuuliza.

"Mwenzangu, mimi siendi," akanijibu.

Ukweli wenyewe ni huu. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa anatambaa, alikuwa ndani ya MV Bukoba ilipozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imebaki kidogo tu ifike Mwanza. Zaidi ya watu 800 walipoteza maisha siku ile, na wengi wamezikwa pale Igoma. Yeye alikuwa na miaka saba. Anachokumbuka ni redio iliyowashwa kutwa nzima, na watu wazima waliokuwa wakinyamaza kila alipoingia ndani.

Na mume je? Alijua kwamba mama mdogo alifariki kwa ajali. Hakuwahi kuuliza ajali gani. Miaka yote ile walikuwa wakivuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Mwanza, na mkewe anamshika mkono kuanzia gati hili hadi gati lile, hauachii. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, mkewe akawa hataki tena kusikia habari za Kamanga. Kila safari lazima wazunguke Busisi, wapite kwenye daraja lile la kilomita tatu, hata kama njia inakuwa ndefu.

"Shemeji," aliniambia baadaye, ameinamisha kichwa, "ule mkono mimi nilidhani ni mahaba. Na daraja nilidhani analipenda tu."

Mpenzi msomaji, usimcheke. Wangapi kati yetu tunajua saizi ya kiatu cha mwenzi wetu, lakini hatujui anaogopa nini? Sapraizi ni jambo zuri kwa pete, kwa gauni, kwa chakula cha jioni. Kwa safari ya meli, sapraizi ni hatari. Ukiwa hotelini mambo yakikushinda unaita teksi unarudi nyumbani. Melini huwezi. Mko wawili, chumba kidogo, maji pande zote, na kurudi ni mpaka meli itie nanga.

KAENI KITAKO KWANZA

Kabla hamjafungua kijitabu chochote cha wakala wa safari, kaeni jioni moja, simu mbali, mjibuane maswali manne.

Moja, maji mnayaonaje? Usiulize "unaogopa?" maana wengi watasema hapana kwa aibu. Uliza "mara ya mwisho ulipopanda kivuko ulijisikiaje?" Hapo utasikia mengi.

Mbili, mnataka kupumzika au kutembea? Kuna mtu likizo kwake ni kulala mpaka saa nne na kuletewa chai. Kuna mwingine asipoona mji mpya kila siku anaona kaibiwa. Mkiwa na mahitaji tofauti na hamjaambiana, siku ya tatu mtanuniana.

Tatu, mnapenda watu au mnataka faragha? Meli zinatofautiana sana katika hili, kama tutakavyoona.

Nne, pesa. Siyo pesa mliyonayo, bali pesa mnayoweza kuitumia na Januari ikafika mkiwa bado mnaongea vizuri.

Mkishayajibu hayo, ndiyo mje kwenye meli. Nitazigawa katika makundi matatu ili usichanganyikiwe.

MELI KUBWA ZA BAHARINI

Hizi ndizo za kwenye picha, na ndizo shemeji alizozipenda. Ni mji unaoelea: mabwawa ya kuogelea, kumbi za muziki, maduka, migahawa kadhaa. Kwa mfano, Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita 365. Kwa kulinganisha, MV Mwanza yetu, iliyoshushwa majini bandari ya Mwanza Kusini Februari 2023, ina mita 92.6. Yaani upange MV Mwanza karibu nne, moja nyuma ya nyingine, ndipo uifikie. MV Mwanza imejengwa kubeba abiria 1,200. Ile nyingine ikijaa hubeba zaidi ya 7,000, bila kuhesabu wafanyakazi.

Inawafaa nani? Wanaopenda watu, wenye watoto, na wale ambao mmoja anapenda kelele na mwenzake anapenda kulala, maana kila mtu atapata kona yake. Meli kubwa pia huyumba kidogo kuliko ndogo. Lakini kama mlikuwa mnatafuta fungate ya ninyi wawili na nyota za usiku, jueni kwamba hizo nyota mtaziangalia pamoja na watu wa mji mzima.

Jambo jingine ni muda. Bandarini mnakaa saa chache. Unashuka asubuhi, unakimbia kuona kanisa kongwe au soko, unapiga picha, jioni uwe umerudi, la sivyo meli inakuacha. Anayetaka kuujua mji vizuri hatashiba.

MELI ZA MTONI

Kundi la pili wengi wetu hatulijui, na ndilo lililookoa ndoa ya shoga yangu. Zipo meli za kitalii zinazotembea mitoni tu. Ulaya ziko kwenye mto Rhine na Danube. Karibu na kwetu ziko Misri, kwenye mto Nile, kati ya Luxor na Aswan, safari ya usiku tatu au nne.

Meli hizi ni ndogo, abiria mia moja na kitu, nyingine pungufu. Hakuna kumbi za ajabu ajabu. Unakula, unakaa kwenye sitaha, unaangalia mashamba ya miwa na mitende, watoto wanaoga kando ya mto, punda amebeba majani. Meli inasimama Edfu na Kom Ombo, mnashuka kuona mahekalu ya kale, mnarudi. Wanaotaka faragha zaidi wapo wanaopanda dahabia, vyombo vya matanga vyenye vyumba vichache tu.

Faida yake kubwa kwa mtu mwenye woga ni moja: wakati wote unaona nchi kavu, kulia na kushoto. Maji ni matulivu, hakuna mawimbi ya kukutapisha. Na kwa sisi watu wa Ziwa Victoria kuna utamu wa ziada. Nile Nyeupe inatoka kwenye ziwa letu pale Jinja, Uganda. Siyo kwamba maji yote ya Luxor ni yetu, mengi zaidi hutoka nyanda za juu za Ethiopia, lakini kuna fungu letu mle ndani. Yaani maji ya Busisi yametangulia Misri bila pasipoti!

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Katikati ya mwaka joto la Luxor na Aswan si la mchezo.

MELI ZA KARIBU NA MFUKO

Kundi la tatu ni safari fupi za baharini, usiku tatu au nne, zisizo mbali na kwetu. Kwa pasipoti ya Tanzania iliyo rahisi zaidi huanzia Durban, Afrika Kusini. Katika miaka ya karibuni kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli huko wakati wa kiangazi chao, takriban Novemba hadi Aprili, na safari nyingi fupi huenda pwani ya Msumbiji, kwenye fukwe kama Pomene. Uzuri wake ni kwamba Mtanzania anaingia Afrika Kusini na Msumbiji kwa matembezi mafupi bila kuomba viza.

Wengine wananiuliza Dubai. Meli za Ghuba hutembea zaidi miezi ya Novemba hadi Machi, joto linapopungua. Pamoja na viza, ulizia na hali ya usalama ya eneo lile kabla ya kulipa, maana hubadilika.

Angalizo: safari ya Durban ni bahari kuu, ile ile Bahari ya Hindi tunayoijua. Mawimbi yapo. Siyo ya mtu anayefumba macho kwenye kivuko.

CHUMBA NACHO KINA MANENO

Ukishachagua meli, usichague chumba kwa bei tu. Cha bei ya chini kabisa ni cha ndani, hakina dirisha. Ukizima taa ni giza totoro, hujui kama ni asubuhi au usiku. Kwa wale wanaorudi chumbani kulala tu, kinatosha, na pesa inayobaki mtakula nayo raha bandarini. Lakini kwa mtu anayebanwa na kifua akifungiwa mahali, usithubutu. Cha dirisha ni cha wastani. Cha roshani ni kitamu kwa fungate, ila kina bei yake.

Kama mmoja wenu hutapika hata kwenye basi la Geita, ombeni chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini. Hapo meli huyumba kidogo. Ncha za mbele na za juu ndizo zinazorushwa zaidi. Dawa za kichefuchefu ziko kwenye maduka ya dawa, meza kabla hujaanza kujisikia vibaya, na tangawizi ya kutafuna nayo inasaidia wengi.

BEI ILIYOANDIKWA NA BEI UTAKAYOLIPA

Hapa ndipo wapenzi wengi wanapogombana. Kwanza, bei unayoiona kwenye tangazo kwa kawaida ni ya mtu mmoja anayelala chumba cha wawili. Izidishe kwa mbili kabla hujashangilia. Ndani yake mna chumba, chakula cha kawaida na burudani. Mara nyingi havimo: vinywaji, intaneti, matembezi ya nchi kavu, bima, na bahashishi.

Hiyo bahashishi isikushangaze. Kwenye meli nyingi kubwa siyo hiari kama ile ya kumwachia mhudumu chenji. Inakatwa kila siku, na inaweza kuwa dola 15 au zaidi kwa mtu. Piga hesabu: watu wawili, siku saba, tayari dola 210 zimeondoka na hamjanunua hata soda.

Kisha kuna nauli ya kuifikia meli. Meli haiji Sengerema. Kuna gari mpaka Mwanza, ndege mpaka Dar es Salaam, ndege nyingine mpaka kwenye bandari, na ni busara kufika siku moja kabla, kwa hiyo ongeza na hoteli. Ndege ikichelewa meli haikusubiri. Watu wengi hupanga bajeti ya meli wakasahau kwamba safari ya kwenda kuipanda inaweza kugharimu kama meli yenyewe.

VIZA: HAPA USIFANYE HARAKA

Shemeji alilipa kwanza, akaanza kuulizia viza baadaye. Wewe fanya kinyume.

Kwa meli za Mediterania unahitaji viza ya Schengen. Balozi ziko Dar es Salaam, na alama za vidole lazima ukatoe mwenyewe, kila mmoja wenu. Kwa aliye Sengerema hiyo ni nauli nyingine na siku za ruhusa kazini. Kama meli inatoka Italia, inapita Tunisia au Uturuki, halafu inarudi Italia, viza ya kuingia mara moja haikutoshi. Unahitaji ya kuingia mara nyingi. Na kampuni nyingi zinataka uwe na viza ya kila nchi ambako meli inatia nanga, hata kama ninyi mnapanga kubaki ndani mkinywa juisi.

Muulize wakala mapema, tena kwa maandishi: viza ikikataliwa narudishiwa kiasi gani? Mara nyingi jibu halifurahishi. Shemeji alipoahirisha alirudishiwa sehemu tu, iliyobaki ikawa karo ya kujifunza. Hakikisheni pia pasipoti zenu zina zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ikae pamoja nazo.

Na hili ni la wanandoa wapya hasa: kama mnatarajia mtoto, semeni. Kampuni nyingi hazimpokei mama aliyefikisha wiki 24 za ujauzito, au atakayezifikisha akiwa safarini. Mkipanga safari ya mwakani, wekeni na hilo kwenye mazungumzo. Siyo aibu, ni mipango.

WOGA SIYO UJINGA

Sasa nirudi kwenye lile la jikoni, maana wengi huwaambia wenzao "acha woga bwana, meli za Wazungu hazizami." Neno hilo halimsaidii mtu, na wala si la kweli. Costa Concordia, meli kubwa ya kitalii, iligonga mwamba pwani ya Italia Januari 2012 na watu 32 wakafa. Baada ya hapo sheria za kimataifa zilibadilishwa, na sasa abiria wote lazima wafanye mazoezi ya dharura kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Unaonyeshwa jaketi la kuokoa maisha, unaonyeshwa pa kukusanyika. Mazoezi hayo msiyakwepe mkaenda kupiga picha.

Huku kwetu woga una sababu zake, na tunazijua. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara. Kilikuwa kimejengwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 200. Mtu aliyempoteza ndugu namna hiyo akishika mkono wako kwa nguvu, usimwambie aache. Muulize.

Na kama chombo kimejaa kupita kiasi, shukeni. Iwe mtumbwi wa kwenda kisiwani, iwe kivuko, iwe boti ya Zanzibar. Nauli mtapata nyingine. Hakuna miadi wala harusi inayozidi hapo.

JARIBUNI NYUMBANI KWANZA

Ushauri wangu mkubwa mwezi huu ni huu: kabla hamjalipia siku saba za ng'ambo, jaribuni maji ya nyumbani, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi.

Anzeni na Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kisiwa kidogo mbele ya jiji la Mwanza, na kwa boti haifiki hata robo saa. Mnakaa kwenye mawe, mnaona pimbi na mijusi, mnapiga picha, mnarudi. Mkitoka hapo mtajua kama mnaweza kuendelea.

Hatua ya pili ni Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977. Kutoka Sengerema mnapita Geita, mnapandia boti Nkome, au mnaenda mpaka Kasenda upande wa Chato ambako maji ni mafupi zaidi. Kule kuna nzohe, tembo, ndege wa kila aina, na sokwe ambao wazazi wao waliletwa miaka ya 1960. Kuna malazi ya hifadhi, usiku ni kimya kabisa. Mkiweza kukaa siku mbili pale bila televisheni wala majirani na bado mna cha kuongea, meli ya siku saba mtaiweza.

Hatua ya tatu ni kulala majini. MV Victoria, ile ya zamani iliyokarabatiwa na kurudi kazini mwaka 2020, huenda Bukoba kupitia Kemondo, na ina vyumba vya kulala. Mnapanda usiku, mnaamka ng'ambo ya Kagera. Ulizieni ratiba bandarini, hubadilika. Ukiona mwenzi wako kalala fofofo, nenda kalipie hiyo ya Durban. Ukiona kakaa macho usiku kucha ameshika nguzo ya kitanda, umeokoa mamilioni yako.

Wa pwani nao wana lao. Boti za kasi za Dar es Salaam kwenda Unguja ni kama saa mbili. Kati ya Juni na Septemba, upepo wa kusi ukishika kasi, saa mbili hizo zinatosha kumjua nani ana tumbo la baharini na nani hana.

WALIFIKIA WAPI?

Shemeji aliposikia ukweli hakulala siku mbili. Ya tatu akamwambia mkewe, "Twende Igoma kwanza." Wakaenda wote wawili makaburini, wakapeleka maua. Ananiambia ndiyo mara ya kwanza alimsikia mkewe akimsimulia mama mdogo: alivyokuwa akisonga ugali, alivyokuwa akicheka, zawadi aliyoahidi kurudi nayo kutoka Bukoba.

Baadaye wakaenda Saanane. Mkono ulishikwa kwenda na kurudi, lakini safari hii aliyeushika kwanza ni mume. Kisha Rubondo, kwa siku mbili. Kulala melini kwenda Bukoba mke alikataa, na mume hakumbembeleza. Kuna maji ambayo kwake siyo ya likizo, basi.

Sasa wanaweka akiba ya Nile, likizo ya Desemba shule zikifungwa. Aliyechagua ni mke. Ramani ameitandaza mezani, anajua meli inasimama wapi na saa ngapi, na viza wanaulizia kabla ya kulipa hata senti. Nilipomuuliza kwa nini Nile akanijibu, "Kwa sababu nikiogopa, naona pa kukimbilia." Halafu akacheka. "Ila sidhani kama nitakimbia."

Mpenzi msomaji, meli nzuri siyo ile yenye ghorofa nyingi. Ni ile ambayo wote wawili mmeikubali mkiwa mmeshaambiana ukweli. Leo ukirudi nyumbani, kabla ya taarifa ya habari, muulize mwenzio lile swali la kwanza: mara ya mwisho ulipopanda kivuko, ulijisikiaje? Halafu nyamaza, umsikilize mpaka mwisho.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda. Safari njema.